Kupima Kisichoonekana: Uzito wa Molekuli ya Kimeng'enya cha Hamira

UTANGULIZI

Katika mafunzo ya sayansi ya shule za msingi, neno "kupima" hujitokeza mapema sana. Mtoto hupima urefu wa dawati kwa rula, uzito wa mahindi kwa mizani, na ujazo wa maji kwa chupa. Katika vipimo vyote hivyo kitu kinachopimwa kimo mbele ya macho yake na chombo cha kupimia kimo mkononi mwake. Kwa sababu hiyo hujengeka kwa urahisi imani kwamba kila kitu kina kipimo kimoja tu, na kwamba kazi ya mwanasayansi ni kukitafuta, kukiandika, na kuwaachia wengine wakikariri.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haitoshi. Tutachukua mfano wa kimeng'enya kiitwacho heksokinasi, kinachopatikana katika hamira ile ile tunayotumia kuumua maandazi na mikate. Wanasayansi walipopima uzito wa molekuli yake, mara walipata zaidi kidogo ya 50,000, mara zaidi kidogo ya 100,000, na mara nyingine kiasi kilicho baina ya hivyo viwili. Waliopima walikuwa watu makini, na vyombo vyao vilikuwa vyema. Tofauti hiyo ilitokana, kwa sehemu kubwa, na tabia ya kimeng'enya chenyewe, na ilipochunguzwa kwa subira ikawa ndiyo habari yenye maana kuliko tarakimu zote.

Hatumtaki mwalimu mwanafunzi aende kufundisha mambo haya kama yalivyo katika darasa la tano. Tunachotaka ni kumtayarisha kwa ajili ya swali ambalo mtoto mwerevu hawezi kuacha kuliuliza: "Mwalimu, wamejuaje, na hali kitu chenyewe hakionekani?" Mwalimu asiyeweza kujibu swali hilo hata kwa mfano mmoja hana budi kusema, "Kitabu kimesema." Jawabu hilo likizoeleka, sayansi hugeuka kuwa masimulizi ya kukaririwa tu.

HAMIRA NA VIMENG'ENYA VYAKE

Hamira ni viumbe hai vidogo mno, kila kimoja seli moja, wa jamii ya kuvu. Hamira ya mikate huitwa na wataalamu Saccharomyces cerevisiae. Ipatapo sukari, maji na uvuguvugu, huivunja sukari hiyo na kutoa alkoholi na hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo inayouinua unga uliokandwa. Hamira za porini ndizo zinazolichachusha tembo la mnazi muda mfupi baada ya kugemwa.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama kazi hii yahitaji hamira iliyo hai. Mwaka 1897, huko Ujerumani, Eduard Buchner aliisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na seli hata moja iliyo hai. Alipoyatia sukari, yalichachuka. Ikawa dhahiri kwamba ndani ya hamira mna vitu viwezavyo kufanya kazi hata seli ikiisha kufa. Vitu hivyo ndivyo vimeng'enya. Jina lake la kigeni, enzaimu, limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Sisi katika Kiswahili tumelipata jina letu kutokana na kitendo cha kumeng'enya, yaani kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, kama chakula kinavyomeng'enywa tumboni.

Hata hivyo jina lisitupotoshe. Si kila kimeng'enya huvunja, viko vinavyounga. Heksokinasi, ambayo Otto Meyerhof aliitambua katika hamira mwaka 1927, huchukua molekuli ya glukosi na kuibandika kundi la fosfati litokalo katika kitu kiitwacho ATP. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya safari ndefu ya sukari ndani ya hamira. Glukosi ikiisha kubandikwa fosfati haiwezi tena kutoka kwenye seli kwa urahisi. Ni kama mzigo uliokwisha kutiwa lakiri.

Vimeng'enya vingi, na heksokinasi ikiwa mojawapo, ni protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino zilizoshikana moja baada ya nyingine, mnyororo ambao hujikunja na kujikunja tena hata ukapata umbo maalumu. Umbo hilo ndilo linalokiwezesha kimeng'enya kufanya kazi yake. Likiharibika, kwa kuchemshwa mathalani, kazi nayo hukoma.

UZITO WA MOLEKULI NI NINI?

Hatuna mizani ya kuwekea molekuli moja. Kwa hiyo wataalamu huilinganisha na kitu kingine kidogo. Kwa makadirio ya kutosha kwa darasa letu, tunaweza kusema kwamba atomu moja ya haidrojeni ina uzito wa 1. Kwa kipimo hicho molekuli ya maji ina uzito wa 18, glukosi 180, na sukari ya miwa 342. Uzito wa molekuli basi ni jawabu la swali hili: Molekuli hii ni sawa na atomu ngapi za haidrojeni?

Mnyororo mmoja wa heksokinasi ya hamira una uzito wa takriban 54,000. Tukigawanya kwa 180 tunapata 300. Yaani kimeng'enya hiki ni kizito mara 300 kuliko glukosi kinayoishughulikia, mfano wa lori kubwa lililoegeshwa kando ya toroli. Mwalimu na azingatie namna ulinganisho unavyosaidia. Tarakimu 54,000 peke yake haimwambii mtoto kitu, lakini "mara mia tatu ya glukosi" humjengea picha.

NJIA ZA KUPIMA

Kwa kuwa mizani ya kawaida haifai, hatuna budi kupima jambo jingine linalotegemea uzito, kisha kutokana na jambo hilo kuukisia uzito wenyewe kwa hesabu. Zipo njia kadhaa. Tutaeleza nne ambazo zimetumika sana kwa protini.

(a) Kuzungusha kwa kasi kubwa. Tukiukoroga udongo katika chupa ya maji na kuuacha utulie, mchanga hushuka chini upesi, na udongo laini wa mfinyanzi huelea kwa muda mrefu. Protini ni ndogo mno kuliko punje ya mfinyanzi, na mvuto wa dunia peke yake hauwezi kuizamisha, kwa sababu molekuli za maji huisukuma huku na huko bila kukoma. Katika miaka ya 1920, Theodor Svedberg wa Uppsala, Uswidi, alibuni mashine ya kuzungusha vimiminiko kwa kasi kubwa mno, iitwayo ultrasentrifuji. Mashine za namna hiyo huweza kuzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na kani inayotokea huisukuma protini kuelekea upande wa nje wa kichupa.

Kasi ikichaguliwa vizuri, protini haibanwi yote chini. Kani ya mzunguko huisukuma nje, na mtawanyiko wa kawaida wa molekuli huirudisha ndani. Baada ya saa nyingi mambo haya mawili hulingana. Hapo huonekana kwamba protini imekolea zaidi kuelekea chini, na ni hafifu juu. Molekuli ikiwa nzito, badiliko la ukolevu kutoka juu hadi chini huwa kali. Ikiwa nyepesi, huwa la polepole. Kutokana na ukali wa badiliko hilo uzito hukokotolewa, wala umbo la molekuli halivurugi hesabu. Hii ndiyo sababu njia hii imeheshimiwa kwa miaka mingi.

(b) Kupitisha katika jeli yenye matundu. Njia hii ilitangazwa mwaka 1959 na Jerker Porath na Per Flodin, nao pia wa Uppsala. Bomba hujazwa punje laini za jeli zenye matundu madogo. Mmumunyo wa protini humiminwa juu na kuachwa upite. Tufikirie barabara ya sokoni yenye vibanda kila upande. Mtoto mdogo hupenya katika kila kibanda, akachelewa kufika mwisho wa soko. Mchukuzi aliyebeba gunia kubwa haingii kibanda chochote. Hunyoosha njia akafika wa kwanza. Vivyo hivyo molekuli kubwa hutoka kwanza, na ndogo hutoka baadaye. Kwanza hupitishwa protini ambazo uzito wake unajulikana, ili bomba lipate alama zake, kisha hupitishwa ile isiyojulikana. Ikumbukwe kuwa njia hii hupima ukubwa wa umbo; uzito hukisiwa tu, na molekuli iliyo ndefu na nyembamba yaweza kumdanganya mpimaji.

(c) Kukokota kwa umeme baada ya kutia sabuni. Tangu miaka ya 1960 imekuwapo njia ya kuichemsha protini pamoja na sabuni maalumu ya kikemikali. Sabuni hiyo huukunjua mnyororo, huutenga na minyororo mingine iliyoshikana nao, na kuupa chaji nyingi za umeme. Kisha minyororo hukokotwa kwa umeme kupitia katika jeli. Hapa mambo ni kinyume cha njia ya pili: mnyororo mfupi hupenya upesi ukaenda mbali, na mrefu hubaki nyuma. Njia hii ni nyepesi na ya gharama ndogo, lakini tusisahau imefanya nini: imekwisha kuvunja kila muungano. Kwayo tunaupata uzito wa mnyororo mmoja. Iwapo ndani ya hamira minyororo huishi miwili miwili, sabuni imekwisha kuifuta habari hiyo kabla hatujaisoma.

(d) Kuhesabu asidi amino. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliweza kusoma jeni za heksokinasi, yaani maagizo ambayo hamira hufuata katika kuitengeneza. Hamira ina heksokinasi za aina mbili zinazofanana sana. Maagizo ya moja huonyesha mnyororo wa asidi amino 485, na ya nyingine 486. Tukijumlisha uzito wa asidi amino zote tunapata takriban 54,000 kwa kila mmoja. Hesabu hii ni sahihi mno, lakini nayo hainyamazishi swali letu, kwa maana maagizo ya kutengeneza tofali hayatuambii nyumba ina matofali mangapi.

HEKSOKINASI: PWEKE AU JOZI?

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Mwaka 1946 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalifaulu kuipata heksokinasi ya hamira katika hali ya fuwele. Moses Kunitz na Margaret McDonald, waliokuwa katika kundi mojawapo, waliutaja uzito wa molekuli yake kuwa karibu 96,000. Lakini tumeona kwamba mnyororo mmoja ni 54,000 tu. Je, nani alikosea?

Heksokinasi ina tabia ya kujiunga yenyewe kwa yenyewe. Molekuli mbili zilizo sawa huweza kushikana zikawa jozi, na jozi hiyo huweza kuachana zikarudi kuwa pweke. Hazikuunganishwa kwa vifungo vya kudumu vya kikemia. Zinashikana kwa mivutano midogo midogo, mfano wa watu wawili walioshikana mikono. Jozi ina uzito wa takriban 108,000. Ikiwa katika mmumunyo wetu ziko jozi nyingi na pweke chache, kipimo kitakaribia 108,000. Ikiwa pweke ndizo nyingi, kitakaribia 54,000. Na kama zimechanganyika, tutapata kiasi cha katikati ambacho si uzito wa molekuli yoyote iliyomo. Hiki ndicho kitego kikubwa. Mtu apataye 80,000 aweza kuamini kwamba ipo molekuli ya 80,000, na hali ni wastani tu, kama vile wastani wa watoto wawili na nusu kwa kila nyumba usivyomaanisha kwamba yupo mtoto nusu.

Nini basi huamua kama zitakuwa pweke au jozi? Uchunguzi wa miaka ya 1960 na 1970 ulionyesha mambo yafuatayo.

Kwanza ni ukolevu. Molekuli zikiwa nyingi katika nafasi ndogo hukutana mara kwa mara, na jozi huongezeka. Mmumunyo ukizimuliwa kwa maji, jozi zikiachana hukawia kupata wenzi wapya, na pweke huongezeka.

Pili ni chumvi na hali ya uasidi. Katika mmumunyo wenye chumvi kidogo na ulioelekea uasidi kidogo, heksokinasi hupendelea kuwa jozi. Chumvi ikizidi na mmumunyo ukielekea ubesi, jozi huachana.

Tatu ni glukosi yenyewe. Glukosi hushikwa kwa nguvu zaidi na molekuli pweke kuliko na molekuli iliyo katika jozi. Kwa hiyo glukosi ikitiwa, mizani huelemea upande wa pweke. Tunajua pia, kutokana na picha za fuwele zilizochunguzwa na Thomas Steitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale katika miaka ya 1970, kwamba heksokinasi ina sehemu mbili zilizoachana mfano wa taya, na glukosi ikiingia kati, taya hizo hufumba. Kitu kinachobadilika umbo namna hiyo si ajabu kikibadilisha pia jinsi kinavyoshikana na mwenzake.

Ili kuona nguvu ya ukolevu, tufanye hesabu ndogo. Kanuni ya msawazo husema kwamba, hali nyingine zikiwa zile zile, idadi ya pweke ikizidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa idadi ya jozi, jawabu halibadiliki. Kwa ajili ya zoezi tuseme jawabu hilo ni 100, na ujazo wa maji ni ule ule katika hali zote tatu.

Hali ya kwanza: pweke 10, jozi 1. Minyororo yote ni 12, imo katika vitu 11. Wastani wa uzito ni 12 mara 54,000 gawanya kwa 11, yaani karibu 58,900.

Hali ya pili: pweke 100, jozi 100. Minyororo yote ni 300, imo katika vitu 200. Wastani ni 81,000.

Hali ya tatu: pweke 1,000, jozi 10,000. Minyororo yote ni 21,000, imo katika vitu 11,000. Wastani ni karibu 103,100.

Kimeng'enya ni kile kile na kanuni ni ile ile, lakini mpimaji wa kwanza na wa tatu watabishana hadi jioni wasipoambiana ukolevu walioutumia. Mashine ya kuzungusha hutoa wastani wa namna nyingine kidogo, unaozipa molekuli nzito sauti kubwa zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo.

Na hapa tunaona uzuri wa ultrasentrifuji. Ndani ya kichupa kimoja, juu ni hafifu na chini ni kolevu. Mtafiti hupima uzito kidogo kidogo kutoka juu hadi chini. Kama uzito ni mmoja tangu juu hadi chini, molekuli hazijiungi. Kama unapanda kadiri ukolevu unavyopanda, zinajiunga. Kwa hiyo badiliko ambalo mtu mvivu angeliita kosa la chombo ndilo ushahidi wenyewe.

KIPIMO KINAPOHARIBIWA NA MATAYARISHO

Liko jambo la pili lililowatatiza watafiti wa heksokinasi, nalo lina fundisho kwa kila mwalimu. Hamira ina pia vimeng'enya vinavyomeng'enya protini. Hamira inapokuwa hai vimeng'enya hivyo hufungiwa mahali pake ndani ya seli. Inapopondwa ili kuitoa heksokinasi, kuta hizo huvunjika, na vimeng'enya hivyo huanza kuzikata protini nyingine zilizo jirani.

Hivyo watafiti kadhaa walidhani wanapima heksokinasi kamili, kumbe wanapima heksokinasi iliyokwisha kutafunwa. Wako waliopata vipande vidogo na kuamini kwamba kimeng'enya hiki kimejengwa kwa vipande vingi. Mwaka 1970 John Pringle alionyesha kwamba mnyororo usioharibiwa una uzito wa zaidi kidogo ya 50,000, na kwamba matayarisho yasiyo na hadhari ndiyo yaliyoleta vipande. Ikajulikana pia kwamba kukatwa kwa asidi amino 11 tu kwenye ncha ya mwanzo ya mnyororo hupunguza sana uwezo wa molekuli kuwa jozi. Asidi amino 11 katika 485 ni kitu kidogo ambacho vipimo vingi vya uzito visingekitambua, lakini kilibadilisha tabia nzima.

Ncha hiyo hiyo imeendelea kuwashughulisha wataalamu. Imebainika kwamba hamira yenyewe, glukosi inapoadimika, huibandika heksokinasi ya aina ya pili kundi la fosfati karibu na ncha hiyo, na tendo hilo huielekeza kwenye upweke. Kwa hiyo kuungana na kuachana si mchezo wa maabara; hamira nayo hulitumia jambo hilo katika maisha yake.

MATUMIZI YA DARASANI

Mwalimu wa shule ya msingi hana ultrasentrifuji, wala haihitaji. Tunapendekeza mazoezi mawili.

Zoezi la kwanza: Udongo katika chupa. Wanafunzi watie mchanga, udongo wa kawaida na mfinyanzi katika chupa yenye maji, waitikise, waiweke mezani, na waandike kinachoonekana baada ya dakika 1, 10, na 60, na siku ya pili. Waulizwe: Kwa nini vyote havishuki pamoja? Tungewezaje kuvilazimisha vilivyobaki vishuke? Baadhi yao watakumbuka kwamba ndoo yenye maji ikizungushwa kwa nguvu maji hayamwagiki. Hapo mwalimu amefika kwenye wazo la Svedberg bila chombo chochote cha kununua.

Zoezi la pili: Jozi uwanjani. Wachaguliwe wanafunzi 20. Mwalimu achore mraba mdogo wa mita 4 kila upande. Kanuni ni hii: kila mmoja atembee ovyo bila kuchagua rafiki, akigusana na mwenzake aliye peke yake, washikane mikono, watembee hatua kumi pamoja, kisha waachane. Baada ya muda mwalimu apige filimbi, wote wasimame, na wanafunzi waliobaki pembeni wahesabu jozi na pweke. Zoezi lirudiwe mara tano. Kisha lifanywe katika mraba wa mita 16 kila upande, mara tano pia.

Tuseme katika mraba mdogo walipatikana jozi 8 na pweke 4, yaani "vitu" 12. Na katika mraba mkubwa jozi 3 na pweke 14, yaani vitu 17. Kila mtoto akikadiriwa kuwa na kilo 30, jumla ni kilo 600 katika hali zote mbili. Wastani wa uzito wa kitu katika mraba mdogo ni kilo 50, na katika mraba mkubwa ni karibu kilo 35. Mwalimu aulize: Je, kuna mtoto aliyepungua uzito? Kuna aliyeondoka? Nini kimebadilika basi? Jawabu litokalo kwa watoto wenyewe, kwamba nafasi ndiyo iliyobadilika, lina thamani kuliko maelezo ya ubaoni ya saa nzima.

Mwalimu azingatie mambo mawili. Kwanza, matokeo ya kila filimbi yatatofautiana. Asiyasahihishe, bali awafundishe kutafuta wastani. Pili, awaeleze wazi mahali ambapo mfano unaachana na ukweli: watoto huona na huchagua, molekuli hazioni wala hazichagui.

HITIMISHO

Tumeona kwamba swali dogo, "Kimeng'enya hiki kina uzito gani?", haliwezi kujibiwa kwa tarakimu moja mpaka maswali mengine matatu yajibiwe. Kimepimwa kwa njia gani? Kimepimwa katika hali gani? Na kile kilichofikishwa kwenye chombo cha kupimia, je, kilikuwa bado kizima? Sabuni huonyesha mnyororo na kuficha jozi. Mmumunyo mwepesi huonyesha pweke na mzito huonyesha jozi. Matayarisho mabaya huonyesha makombo.

Maswali hayo matatu hayaishii katika maabara. Mwalimu ni mpimaji kila siku. Yuko mtoto ambaye akiitwa peke yake ubaoni hushindwa kutamka neno, lakini akiwekwa na mwenzake hufanya hesabu zote. Yuko mwingine ambaye katika kundi hujificha, na akiwa peke yake hung'aa. Alama zake za mtihani ni kipimo cha kweli, lakini ni kipimo cha njia moja na hali moja. Mwalimu aliyezoea kuuliza "katika hali gani?" hatafanya haraka kuiandika tarakimu hiyo kuwa ndiyo mtoto mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza kwa nini njia ya umeme na sabuni haiwezi kuonyesha kwamba molekuli za heksokinasi hujiunga.

2. Mtafiti amepata uzito wa 75,000 kwa heksokinasi ya hamira. Taja mambo mawili ambayo ungemtaka ayabadilishe kabla ya kupima tena, na ueleze ungetarajia kuona nini.

3. Katika hesabu ya pweke na jozi, tafuta wastani wa uzito iwapo pweke ni 50 na jozi ni 25.

4. Andaa somo la dakika 40 kwa darasa la sita ukitumia mojawapo ya mazoezi mawili yaliyotajwa. Onyesha waziwazi ni swali gani utawaachia wanafunzi walijibu wenyewe.